Mwanamke Ambaye Hakutajwa Jina

Larisa, 5 Machi 1987

Dada yangu Polixeni,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako, ingawa najua hukuiomba.

Dereva wa basi, ambaye mwanawe namfundisha dini shuleni, ameniambia kwamba mke wangu alishuka Lamia siku ya Jumatatu Safi, mwanzo wa Kwaresima, akiwa na sanduku moja, akapanda basi la Karpenisi. Kwa kuwa katika mji huo Evanthia hamjui mtu ila wewe na duka lako la dawa, sikuhitaji ufunuo kutambua aliko. Aliondoka nikiwa uwanjani na wanafunzi, tunarusha tiara kama ilivyo desturi ya siku ile. Nilirudi nikakuta sufuria ya maharage mezani na nyumba tupu. Hakuacha hata mstari mmoja.

Sina hasira. Nataka ulielewe hilo kwanza. Nimeshamsamehe, nilimsamehe siku ile ile, kabla hata ya kuyaonja maharage, ambayo hayakuwa na chumvi.

Unajua kwamba kila Jumatano jioni nazungumza katika redio ya kanisa juu ya nyumba ya Mkristo, na kwamba watu wengi hapa Larisa wanapanga maisha yao kwa mazungumzo hayo. Tarehe 25, Sikukuu ya Kupashwa Habari, Mhashamu Askofu ameniomba nihutubie ukumbini juu ya ndoa. Wake wa wazungumzaji hukaa safu ya mbele. Utaelewa kwamba kiti kitupu kina mdomo mpana kuliko wangu.

Mrudishe kabla ya siku hiyo. Usimhojihoji, mwanamke akiulizwa sana hujiona ana majibu.

Mdogo wako katika Kristo,
Thrasivulos


Karpenisi, 9 Machi 1987

Thrasivulos,

Barua yako imefika ikinuka uvumba mpaka mteja mmoja akaniuliza nani amefariki.

Ndiyo, wifi yangu yuko hapa. Alifika theluji ikiwa magotini, naye amevaa viatu vya kanisani. Nilimvua mwenyewe, soksi zimegandia vidoleni. Nikamuuliza, "Kulikoni, wifi?" Akasema, "Mdogo wako amenisema redioni."

"Amekutaja jina?"

"Hapana. Amesema ni mwanamke mmoja anayemfahamu, anayeishi karibu na soko la samaki, aliyewahi kufundisha Kifaransa akaacha alipoolewa. Jumapili ya Msamaha, badala ya kuombana radhi kama kila mwaka, waumini kanisani walipanga foleni kuniambia wamenisamehe."

Basi. Alichokwambia wewe hajaniambia mimi, wala sijamuuliza. Na redio yenu haifiki huku, milima inaizuia. Maisha yangu yote nimeilalamikia milima hii. Juzi nilitoka mlangoni nikaiomba radhi.

Sasa nisikilize, bwana mhubiri. Chochote alichokwambia, alikwambia mkiwa mmelala ubavu kwa ubavu, na wewe ukaenda kumwaga mtama penye kuku wengi, tena kuku wa Askofu. Nyani haoni kundule. Ninyi mnasema boriti na kibanzi, kwa adabu, lakini nyani ni yule yule. Unajua sana kumpenda jirani, ili mradi jirani awe upande wa pili wa kipaza sauti. Miaka ishirini umekula kwenye meza ya mwanamke huyu na hujawahi kupeleka sahani jikoni. Chumvi iko mbele ya pua yako, wewe unaita "Evanthia, chumvi!" kama mtu anayeita zimamoto. Na bado unataka awekwe safu ya mbele kama shada la maua.

Hata angekuwa amechoma kanisa na padri akiwa ndani, mimi ningemfunika kwa blanketi langu mwenyewe. Yule aliyeinama akaandika mchangani hakuuliza kwanza maelezo ya kesi. Hiyo ndiyo dini ninayoijua, tena naijua bila digrii yako.

Ananisaidia dukani. Jana alicheka. Wewe ulimsikia akicheka lini?

Dada yako, na kwa bahati mbaya wa damu,
Polixeni


Larisa, 13 Machi 1987

Dada yangu,

Sikujua kwamba siku hizi mafundisho ya Bwana yanauzwa katika maduka ya dawa, rafu moja na mipira ya kiume. Tangu umzike marehemu Stathis hujapokea sakramenti hata mara moja, na leo unanieleza nani aliandika nini mchangani. Rehema yako ni rehema ya kaunta: kila anayeingia anapewa anachotaka, akitoka anasema huyu mama ana roho nzuri.

Sikumtaja jina. Mfano usio na mtu ndani yake ni supu isiyo na mfupa. Hata Bwana alisema kwa mifano. Je, baba wa mwana mpotevu alilalamika kwamba mambo ya nyumbani kwake yametangazwa? Kama majirani wa Evanthia wamemtambua, basi ni dhamiri yake iliyomtambulisha.

Unajisifu kwamba humuulizi alichofanya. Endelea hivyo hivyo. Siku utakapouliza, wewe ndiye utakuwa wa kwanza kuokota jiwe, na utachagua kubwa.

Nimetia humu kikaratasi chake. Mpe bila kukisoma, ingawa namwandikia nikijua utakisoma.

Thrasivulos

"Evanthia, nimekusamehe. Rudi kabla ya tarehe 25. Vaa suti ya bluu. Ile ya kahawia inakufanya uonekane kama mtuhumiwa. Mumeo."


Karpenisi, 17 Machi 1987

Thrasivulos,

Nimeupata msamaha wako. Nimeugeuza pande zote, nikaona ni ankara ya suti.

Sikuandikii kugombana. Yale niliyokwambia yalikuwa yamenikaa kifuani tangu mama mkwe alipofariki, na nilidhani mtu anayeeleza kila wiki namna ya kubeba mzigo wa mwenzake angeweza kuubeba huu kwa siku moja. Uliubeba mpaka Jumatano.

Nina ombi moja tu, na katika miaka yote hii sijakuomba mengi. Usimwambie Polixeni. Marehemu ni mama yake kama alivyo wako. Ananipenda, Thrasivulos. Ananisagia kahawa asubuhi, ananitania, ananipa soksi za marehemu mumewe nivae. Nitamwambia mwenyewe. Nautafuta mlango wa kuingilia. Niachie hilo nilifanye kwa mdomo wangu.

Ukinipa hili, nitakuja tarehe 25, nitakaa mbele, nitavaa bluu.

Evanthia


Larisa, 20 Machi 1987

Dada yangu Polixeni,

Nimeomba kwa machozi kabla ya kuandika haya. Evanthia amenisihi nikufiche jambo, na kwa kitambo nilishawishika. Lakini mpendwa wa Bwana hafanyi biashara na siri. Uovu ukifunikwa huoza. Nilifundisha hivyo Jumatano iliyopita, na nitakuwa mnafiki nikitenda kinyume.

Umenitukana kwa ajili yake. Umesema hata angechoma kanisa. Basi jua unamfunika nani kwa blanketi lako.

Mwaka wa mwisho wa mama yetu, Evanthia alipokuwa akimuuguza kitandani, alikuwa kila siku anamwomba Mungu mama afe. Sisemi alimchoka; wote tulichoka. Nasema alipiga magoti, akakunja mikono, akaomba afe. Na asubuhi ile mama alipokata roho, aliniambia kwa kinywa chake, alihisi furaha.

Haya ndiyo niliyoyasema redioni: kwamba kuna mwanamke aliyemwosha mama mkwe kwa mikono na kumuua kwa moyo. Sasa niambie, dada, mwenye boriti ni nani.

Simlaumu. Nimeshamsamehe. Najiuliza tu kama wewe utaweza, wewe bingwa wa rehema.

Bado namtarajia tarehe 25.

Thrasivulos


Karpenisi, 24 Machi 1987

Thrasivulos,

Barua yako niliipata jana saa sita. Tulikuwa tumekaa kula dengu. Niliisoma mara mbili nikaiweka kando ya mkate.

Nikamuuliza, "Ni kweli ulimwombea mama yangu afe?"

Akaweka kijiko chini. Akaitazama bahasha, akautambua mwandiko. "Amekwambia," akasema.

"Nimekuuliza wewe."

"Ni kweli."

"Na siku alipokufa ulifurahi?"

"Nilikaanga mayai matatu, wifi, nikayala yote na mkate. Kisha nikalala. Nilikuwa sijalala usingizi mzima tangu sijui lini. Nilitaka kukwambia mwenyewe."

"Ungeniambia mlangoni," nikasema, "ningeokoa mashuka."

Hakulia. Angelia labda ningeweza kuvumilia. Alifungua mdomo kama anataka kueleza, nikamwambia maelezo akampe padri, mimi nilikuwa na mama mmoja tu. Nikamwambia ameketi kwenye meza yangu wiki tatu, anakunywa kahawa yangu, anavaa soksi za mume wangu, na hilo liko tumboni mwake muda wote. Nikamwambia heshimu baba na mama si wimbo wa watoto. Alinyanyuka, akaosha sahani yake, kisha akachukua na yangu akaiosha. Hilo la sahani yangu ndilo lililonikera zaidi.

Leo asubuhi nimemwekea sanduku mlangoni. Ameondoka na basi la kwanza.

Usifurahi. Ulisema nitachagua jiwe kubwa, na nimechagua, na hilo halikufanyi wewe kuwa nabii. Umelipa ombi la mkeo kwa namna ambayo mbwa angeona haya. Lakini leo sina nafasi ya kukudharau ipasavyo. Nafasi yote ameichukua yeye.

Mkalishe safu ya mbele. Mnafaana.

Polixeni


Larisa, 27 Machi 1987

Polixeni,

Hakufika.

Ukumbi ulijaa, walisimama mpaka ngazini. Nilizungumza kwa saa nzima juu ya mke kama taji la mumewe huku nikikitazama kiti. Mke wa daktari aliweka mkoba wake juu yake, kisha akauondoa kwa haraka kama mtu aliyegusa jiko. Baadaye, watu wakila samaki wa chumvi, Mhashamu aliniuliza, "Mkeo hajambo?" Nikajibu anaumwa. Ndiyo, nilimdanganya Askofu, katika sikukuu, baada ya hotuba ile. Nakuambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia, na kwa sababu ni kosa lako.

Ulimtoa asubuhi ya tarehe 24. Basi la Karpenisi huishia Lamia. Pale hakupanda la Larisa, nimemuuliza dereva. Kwa dada yake Athens hayuko. Ulimfukuza mke wangu katika theluji na hukuuliza anakwenda wapi?

Andika haraka.

Thrasivulos


Karpenisi, 31 Machi 1987

Sikuuliza.

Mwandikie Askofu, labda atamtafuta redioni.

P.


Volos, Jumapili ya Matawi, 12 Aprili 1987

Thrasivulos na Polixeni,

Nawaandikia wote wawili barua moja, kwa karatasi ya kaboni. Sikuona kati yenu anayestahili nakala ya juu, hivyo nilirusha sarafu.

Mama yenu ndiye aliyenifundisha sala ile. Nilitaka kulisema hili mezani kwa Polixeni, nikaambiwa nimpelekee padri. Baada ya kiharusi alibakiwa na maneno machache: maji, jina lako Thrasivulos, na "niombee niende." Hilo la mwisho alilisema kila asubuhi nilipomgeuza. Miaka mitano nilikataa. Nilimwambia, "Usiseme hivyo, mama, Mungu anasikia." Alinitazama kama ninavyowatazama ninyi sasa. Mwaka wa sita nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamshika mkono, tukaomba pamoja, yeye kwa nusu ya mdomo.

Sitajifanya mtakatifu. Niliomba kwa ajili yake, na niliomba pia kwa ajili ya mgongo wangu, usingizi wangu na miaka niliyokuwa naiona ikipita dirishani. Kipi kilikuwa kizito zaidi sijui. Mungu atapima mwenyewe, na mizani yake haihitaji umeme wa redio. Na furaha niliyoihisi nilimwambia mume wangu kwa sababu iliniogopesha. Ningetaka aniambie neno moja. Alikwenda kuandika.

Thrasivulos, wewe ulimsomea mama yako zaburi ukiwa umesimama mlangoni, leso puani. Ulisema unamstahi asione haya. Amri ya kuwaheshimu wazazi uliipenda sana, ukanipa mimi nikutekelezee. Polixeni, wewe ulikuja kila Pasaka na manukato na makopo ya dawa. Ulimshika mkono kwa muda wa kahawa moja, kisha ukaenda kulia garini. Nilikuona, nikakuonea huruma, na sikumwambia mtu.

Barua zenu nilizisoma. Polixeni aliziacha wazi kwenye kaunta, hata yake kabla ya kuituma. Alitaka nione alivyokuwa ananipigania. Alipigania vizuri. Nilicheka. Lakini nilipokuwa kwenye basi nilielewa kwamba hamkuwa mnanizungumzia mimi. Mnafurahiana, ninyi wawili. Tangu utotoni hamjapata mchezo mzuri kama huu. Mmoja anampiga mwenzake kwa boriti, mwingine anarudisha kwa mwana mpotevu, na Kristo anaruka juu kama mpira, na mimi ndiye uwanja. Ilipofika zamu ya kusamehe jambo linalouma kweli, mmoja alisamehe kwa sababu ya kiti, na mwingine hakusamehe kabisa. Nikilinganisha, namheshimu zaidi asiyesamehe. Lakini si sana.

Nafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Volos. Nawaosha, nawageuza, nawalisha. Saa tisa navua aproni na kwenda kutembea kando ya maji. Naulizwa jina langu na nikilitaja wanalikumbuka. Kuna mzee mmoja, fundi wa viatu, ameniomba nimwombee aende. Nimemwambia ndiyo, papo hapo, sikungoja miaka mitano.

Thrasivulos, sirudi. Si kwa hasira. Nimechoka kuwa mfano.

Sijawasamehe. Siku nikiweza nitawaambia ninyi, wala sitatangaza popote.

Evanthia


Karpenisi, 27 Aprili 1987

Thrasivulos,

Katika barua yako unaniuliza kama Evanthia ameshaongea na mwanasheria, kama kuna mtu wa Larisa amemwona, na kama nadhani Mhashamu amesikia. Maswali matatu, na hakuna hata moja linalouliza hali yake. Nasikia mwezi huu umeanza kuhubiri juu ya unyenyekevu. Pole. Safari hii huna wa kumtolea mfano nyumbani.

Nilikwenda Volos Jumanne ya Pasaka. Usidhani nimeokoka. Barua yake ilikaa kwenye droo ya sindano siku kadhaa, na kila mteja aliyekuja kuuliza dawa ya vidonda vya kulala kitandani muda mrefu nilimjibu kwa ukali mpaka wengine wakaondoka. Mwishowe nikafunga duka.

Nilimkuta katika chumba cha bibi mmoja mnene anayeitwa Marigo, amepooza upande mmoja. Evanthia aliniona mlangoni. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alisema tu, "Ama ndani ama nje, upepo unampiga."

Nikaingia. Akafunua shuka.

Mdogo wangu, nimekuwa mfamasia miaka thelathini. Mama nilimpelekea makopo ya dawa ya vidonda hivyo, mengine yenye utepe kwa kuwa ilikuwa Pasaka. Sikuwahi kukiona kidonda chenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba huchimba ndani hivyo. Nilishika ukuta.

"Utaanguka?" Evanthia akauliza.

"Hapana."

"Mama alikuwa na viwili kama hivi. Hapa na hapa." Akanionyesha kwenye mwili wa yule bibi, akiendelea kusafisha. Hakuwa ananiadhibu. Alikuwa ananijulisha habari za mama yangu.

Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima. Nilikuwa na hotuba, tena nzuri, ungeionea wivu. Ilikuwa na mtoza ushuru ndani yake na mwanamke mwenye marhamu. Ikanitoka yote kichwani. Nikasema, "Wifi, nisamehe."

Yule bibi akageuza macho kunitazama. Evanthia alikuwa ameshikilia bakuli kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mwingine.

"Mshike mguu," akasema. "Si hivyo, chini ya goti. Inua."

Nikainua.

Polixeni